Mashine Haisikii, Inasoma: Historia Fupi ya Kutafuta Podikasti

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha, nina historia. Kila anayeanzisha podikasti huku kwetu, awe Ngong, Kitengela au Kajiado mjini, huishia kuuliza swali lilelile: nimesharekodi vipindi ishirini, mbona nikijitafuta kwenye Google sijioni? Kwa kawaida hujibiwa kwa orodha ya mbinu. Mbinu hubadilika, na za mwaka huu huenda mwakani zisifae kitu. Sababu haibadiliki, na sababu hiyo ni ya zamani kuliko podikasti zenyewe.

Injini ya utafutaji husoma. Ukiiwekea faili ya MP3 ya dakika 30, kwa sehemu kubwa ya historia yake ilichoweza kuona ni jina la faili, ukubwa wake na maneno yaliyoandikwa pembeni. Yote aliyoyasema mgeni wako kwa nusu saa ni giza kwake. Kwa hiyo historia ya kutafuta podikasti ni historia ya maandishi yanayokaa kando ya sauti: nani aliyaandika, kwa lugha gani, na yalihifadhiwa wapi. Hebu tuifuate tangu mwanzo.

Redio haikutafutwa

Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928. Mwaka 1964 shirika la utangazaji likawa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarudi kuitwa KBC. Miaka yote hiyo msikilizaji hakuwa na tatizo la kutafuta. Kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" cha marehemu Leonard Mambo Mbotela kilianza mwaka 1966 na kikadumu kwa miongo kadhaa. Aliyekipenda alijua siku yake na saa yake, akawasha redio, basi. Stesheni zilikuwa chache, na sauti ilikufuata ulipo. Ukisimama mjini Ngong ukatazama vilimani utaiona milingoti ya mawasiliano imesimama kule juu. Mlingoti kama huo ndio uliokuwa ukifanya kazi ambayo leo tunaitaka Google itufanyie.

Redio ilikuwa na ugonjwa mwingine: kipindi kikipita kimepita. Ulikuwa malishoni, ulikuwa kwenye matatu, pole sana. Podikasti ilikuja kutibu ugonjwa huo. Kipindi sasa hakipiti, kinakaa. Lakini kitu kinachokaa ndani ya rundo kubwa kinahitaji anwani, la sivyo ni sawa na kilichopita.

Kadi za Hugh Tracey

Watu wa maktaba za sauti walilijua tatizo hili nusu karne kabla yetu. Mwaka 1950 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alizunguka Afrika Mashariki na mitambo yake akirekodi muziki. Kule Kapkatet, kwa Wakipsigis, alirekodi wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo ni matamshi ya Kikipsigis ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi huko. Mwaka 1954 Tracey akaanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika, ILAM, nchini Afrika Kusini.

Tracey hakuhifadhi sauti peke yake. Rekodi zilikuwa na kadi: jina la wimbo, waimbaji, mahali, lugha, ala, na maelezo mafupi. Mwaka 2014 ILAM ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi ilianza kuzirudisha rekodi hizo kwa jamii zilikotoka. Miaka 64 baadaye! Walijuaje pa kwenda? Waliongozwa na yale yaliyoandikwa mwaka 1950. Bila maandishi hayo wangekuwa na sauti nzuri za watu wasiojulikana kutoka mahali pasipojulikana.

Angalia pia jambo dogo ambalo mtengenezaji wa programu hawezi kulipita. Maelezo ya Tracey yalifafanua Chemirocha ni nani. Kwa hiyo mtu anayejua "Jimmie Rodgers" tu anaweza kufika kwenye wimbo huo ijapokuwa hakuna anayelitamka jina hilo ndani ya wimbo kwa namna ya Kiingereza. Sisi tunaita kitu hicho metadata na tunajiona tumevumbua. Kilikuwa kadi tu. Tutarudi hapa tukifika Olkejuado.

Mwaka 2000: kiambatisho

Podikasti kama teknolojia ilizaliwa kimyakimya. Mwishoni mwa mwaka 2000 mtengenezaji wa programu wa Marekani, Dave Winer, aliongeza kiambatisho cha faili kwenye RSS, baada ya kushawishiwa na Adam Curry, aliyewahi kuwa mtangazaji wa MTV. RSS ilikuwa njia ya blogu kutangaza makala mpya. Sasa makala ingeweza kubeba faili ya sauti.

Tazama kiambatisho chenyewe kinasema nini. Kina vitu vitatu: anwani ya faili, ukubwa wake kwa baiti, na aina yake. Hakuna hata kimoja kinachoeleza kilichomo ndani. Kazi hiyo iliachiwa sehemu nyingine za mlisho, yaani kichwa na maelezo, ambazo mwenye podikasti huzijaza mwenyewe kwa mkono. Akiandika vizuri, sauti ina anwani. Akiandika "Kipindi cha 7", anwani yake ni hiyo.

Jina "podcasting" lilitajwa na mwandishi Ben Hammersley katika gazeti la Guardian Februari 2004. Juni 2005 Apple ikaweka orodha ya podikasti 3,000 ndani ya iTunes, na mwaka huohuo kamusi ya New Oxford American ikalichagua "podcast" kuwa neno la mwaka. Ghafla kila mtu alikuwa na sehemu moja ya kutafuta. Lakini sehemu hiyo ilikuwa katalogi. Ukiandika neno, linalinganishwa na maandishi ya katalogi, si na maneno ya wazungumzaji. Yahoo nayo ikaanzisha huduma yake ya podikasti Oktoba 2005. Ilifungwa mwaka 2007.

Kenya kabla ya nyaya

Huku kwetu mambo yalikuwa tofauti, na tofauti yenyewe ni hesabu ya darasani. Dakika 30 za sauti kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde ni karibu megabaiti 29. Kwenye modemu ya simu ya kilobiti 56, ikiwa katika siku yake nzuri kuliko zote, hiyo ni zaidi ya saa 1 ya kupakua. Kusikiliza nusu saa, kupakua saa nzima na zaidi! Na kwenye saiba ulilipia kila dakika. Hadi mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kuunganishwa na dunia. Waya wa TEAMS ulifika Mombasa Juni 2009, na SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huohuo.

Maana yake ni nini? Kabla ya nyaya hakuna aliyeweza kupakua kwa kubahatisha. Alisoma kwanza, akaamua kama sauti inastahili pesa zake. Maandishi ya pembeni ndiyo yaliyokuwa kionjo. Leo tunasema bando, lakini hesabu haijafa: mtu mwenye megabaiti chache hafungui kitu asichokijua.

Na kutafuta je? Watu walikuwa ndio injini. Mwaka 2004 Daudi Were alianzisha mduara wa blogu za Kenya uliokuja kujulikana kama KenyaUnlimited, ambapo blogu moja ilikupeleka kwenye nyingine. Mwaka 2007 vijana wa Afrika Kusini wakazindua Afrigator, orodha ya blogu na podikasti za bara zima. Upande wa Kiswahili, Ndesanjo Macha wa Tanzania na blogu yake ya Jikomboe aliwavuta wengi waandike kwa lugha yao. Huo mkono wa watu ulifanya jambo moja kubwa: uliacha viungo na maelezo. Google ilikuwa ikipima kurasa kwa viungo vinavyozielekea, na viungo hivyo viliwekwa na binadamu waliosikiliza kweli. Kiungo chenye maneno ya maana kilikuwa kadi ya Tracey kwa mtindo mpya.

Mashine yajaribu kusikia

Wakati huohuo ng'ambo walikuwa wamechoka kuandika kadi. Wakasema: mashine isikilize yenyewe. Kufikia mwaka 2006 kampuni ya BBN, ileile iliyojenga vifaa vya kwanza vya ARPANET mwaka 1969, ilikuwa na huduma iitwayo Podzinger. Iligeuza sauti za podikasti kuwa maandishi, ukatafuta neno, ikakupeleka mahali neno hilo liliposemwa. Mwaka 2008 Google nayo ilijaribu jambo kama hilo kwa video za kampeni za uchaguzi wa Marekani. Ilikuwa kazi ya ajabu kwa wakati ule. Ilikuwa pia kazi ya Kiingereza, na Kihispania kidogo.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Kwa mzungumzaji wa Kiingereza, maandishi ya pembeni yalianza kuwa nyongeza. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili yalibaki kuwa kila kitu, na hatukuambiwa.

Miaka ikapita. Agosti 2009 Kiswahili kiliingia Google Translate. Agosti 2017 Google ikaanza kuandika maneno yanayosemwa kwa Kiswahili kwenye simu. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, ila kuamuru simu sentensi moja taratibu si sawa na watu watatu wanaobishana kwa saa nzima. Mwaka 2019 Google ilipoanza kuonyesha vipindi vya podikasti moja kwa moja ndani ya matokeo ya utafutaji, ilianza na Kiingereza nchini Marekani. Mwaka huohuo hapa Kenya Adelle Onyango alianzisha "Legally Clueless", na podikasti za Nairobi zikaanza kuwa jambo la kawaida. Februari 2021 Spotify ikafika Kenya. Wasikilizaji walikuwepo, vipindi vilikuwepo. Kilichokosekana ni sikio la mashine.

Septemba 2022 OpenAI ilitoa Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, bure kwa yeyote. Ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Kati ya hizo, saa za Kiswahili zilizokuwa na maandishi yake ya Kiswahili hazikufika 10. Rudia kusoma namba hizo. Lugha ya makumi ya mamilioni ya watu, na sauti zake zenye maandishi hazijai hata siku moja ya kazi. Machi 2024 Apple ilipoanza kuweka unukuzi wa moja kwa moja kwenye podikasti, ilianza na Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kijerumani.

Sioni njama hapo. Mashine hujifunza kusikia kwa kupewa sauti pamoja na maandishi yake. Lugha ambayo sauti zake hazikuandikwa jana haisikiki leo. Ndiyo sababu mradi wa Common Voice wa Mozilla, ulioanza kupokea fedha kubwa kwa ajili ya Kiswahili mwaka 2021, uliwaomba watu wa kawaida wasome sentensi na kurekodi sauti zao. Ni kazi njema. Lakini sentensi inayosomwa ina utulivu ambao mazungumzo ya stejini hapa Ngong hayana: nusu Kiswahili, robo Sheng, Kiingereza kimepita katikati, na salamu kwa Kimaa.

Olkejuado au Kajiado?

Tuseme una podikasti. Umemhoji mzee wa Kiserian kuhusu ranchi za kikundi. Anaeleza jinsi sheria ya mwaka 1968 ilivyowaandikisha watu ardhi kwa pamoja, jinsi mashamba yalivyokuja kugawanywa, nani aliachwa nje ya daftari, na kilichobadilika baada ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Saa 1 ya dhahabu. Ukaipa jina "EP 14: Stori na Mzee".

Sasa kuna msichana Kitengela ambaye familia yake ina mgogoro wa ardhi. Anaandika kwenye simu: "ranchi za kikundi Kajiado ziligawanywaje". Mzee wako alijibu swali hilo barabara. Msichana hatakuona kamwe. Kwanza, kichwa chako hakina hata neno moja alilolitafuta. Pili, hata mashine ingesikia, mzee hakusema Kajiado. Alisema Olkejuado, mto mrefu kwa Kimaa, ambalo ndilo jina lililozaa Kajiado na lililobaki kwenye baraza la wilaya hadi kaunti zilipoanza mwaka 2013. Hata Ngong yenyewe inasemekana imetokana na Kimaa, Enkong'u Emuny, chemchemi ya kifaru. Ni Chemirocha na Jimmie Rodgers tena: anayesema ana jina lake, anayetafuta ana lake, na katikati anahitajika mtu aandike yote mawili.

Kuna na sarufi. Mbinu za zamani za kutafuta zilijengwa kwa Kiingereza. Ile maarufu zaidi, ya Martin Porter ya mwaka 1980, hukata mkia wa neno ili maneno ya ukoo mmoja yakutane. Kiswahili hubadilika zaidi kichwani: gawa, waligawa, tutagawana, mgao, yaligawanywa. Kata mikia upendavyo, mgao na waligawa hawatakutana. Injini kubwa za leo zina akili zaidi ya hiyo, lakini usitegemee kila kisanduku cha kutafutia ndani ya programu za podikasti kiwe na akili hiyo. Ukiandika maelezo ya sentensi nne tano za Kiswahili cha kawaida, neno hujitokeza kwa sura kadhaa bila kulazimisha.

Waliofungwa

Kuna somo la mwisho. Huduma ya Yahoo ilifungwa 2007. Google Listen, programu iliyotoka 2009, ilifungwa 2012. Google Podcasts ilitoka Juni 2018 na kuzimwa mwaka 2024. Kila mara watu waliojenga nyumba yao kwenye kiwanja cha mwingine walihama na mabegi. Kilichovuka misiba yote hiyo ni RSS ya mwaka 2000 na kurasa za kawaida za wavuti. Mwaka 2020 Adam Curry yuleyule alirudi na mradi wa Podcast Index, na miongoni mwa nyongeza za kwanza walizoiwekea RSS ni sehemu ya kuweka unukuzi. Miaka 20 ilipita kabla kiambatisho hakijapewa nafasi rasmi ya kueleza kilichomo ndani!

Basi tufanye nini

Yanayofuata nimeyatoa kwenye historia hiyo hapo juu.

Kila kipindi kiwe na ukurasa wake kwenye tovuti yako mwenyewe, si kisanduku cha kuchezea tu. Kichwa kiseme jambo linalozungumzwa, kama ambavyo mtu angeliuliza. "Ranchi za kikundi Kajiado ziligawanywaje: mazungumzo na mzee wa Kiserian" ni kirefu, na ni kizuri. Namba ya kipindi ikae mwisho.

Andika kadi ya Tracey: nani anazungumza (kwa idhini yake), wapi, lini, kwa lugha gani, kuhusu nini. Majina ya mahali yaandike kwa sura zote zinazotumika. Neno la Sheng au la Kimaa lipe ufafanuzi wa Kiswahili kandoni.

Weka unukuzi. Ukitumia mashine, isahihishe kwa mkono, maana mashine ikikosea jina la mtu, jina hilo limepotea. Huna muda wa saa nzima? Nukuu dakika tano zenye uzito na uweke muhtasari wa zilizobaki, pamoja na dakika zinakoanzia. Ukurasa wa maandishi ni kilobaiti chache. Asiye na bando la kusikiliza atausoma.

Na mlisho wako wa RSS uumiliki wewe. Majukwaa yachukue nakala kutoka kwako, usichukue wewe kutoka kwao.

Kazi hii inachosha, sikatai. Lakini kila ukurasa wa Kiswahili uliokaa pamoja na sauti yake unafanya mambo mawili kwa mpigo: unampeleka msichana wa Kitengela kwa mzee wake leo, na ukiuachia leseni huria, unaongeza saa kwenye zile ambazo hazikufika 10. Anza na kipindi kimoja cha zamani, kile unachojua watu wanakihitaji. Kibadilishe kichwa usiku huu.